Manukuu Yamo Ndani

Ipo nchi moja ambayo sitaitaja jina, si kwa woga bali kwa adabu, maana wenyewe hawapendi kutajwa kabla hawajajitaja. Ni nchi iliyoendelea sana. Ina bwawa kubwa kuliko mto unaolijaza, ina wizara nyingi kuliko mambo ya kufanya, na ina kivinjari chake yenyewe cha kufungulia kurasa za mtandao. Kinaitwa Kivinjari cha Taifa. Vivinjari vingine vyote vilifukuzwa nchini kwa kosa la kufungua haraka mno vitu ambavyo wakubwa hawajavisoma.

Bondeni, chini ya bwawa hilo, ilijengwa shule ya viziwi. Usiniulize ni nani aliyeona busara kuijenga pale. Aliyeamua alitoa sababu yake mbele ya watu na akapigiwa makofi: alisema ile kelele ya maji ingesumbua shule nyingine yoyote, lakini hawa haitawasumbua. Akapewa nishani, na nishani ilikuwa nzito.

Katika shule hiyo alikuwepo Mwalimu Sikudhani, mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye hasira za karibu. Alifundisha hesabu na kompyuta. Alipoteza kusikia akiwa mtoto, baada ya homa ya uti wa mgongo, kwa hiyo kusema alijua, ila hakujua sauti yake ina ukubwa gani. Akikuamkia asubuhi, huitikia jirani wa nyumba ya tatu. Mdogo wake Mwasiti alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa, na alikuwa mpishi wa shule. Dada hawa wawili walikuwa wakigombana kwa mikono mchana kutwa, kuhusu chumvi, kuhusu khanga, kuhusu nani amezeeka kumzidi mwenzake, na wasipogombana wanafunzi walijua kwamba mmoja wao anaumwa.

Bwawa likijaa, malango yake hufunguliwa, na maji hushuka bondeni yakichukua kila kisichokimbia. Serikali haikuwa na moyo mbaya, ilitoa tahadhari. Wenye masikio walipigiwa king'ora. Wasio na masikio walitengenezewa video. Katika video hiyo afisa wa Wizara ya Maji, amevaa shati jeupe mbele ya ukuta mweupe, alisoma siku na saa ya kufunguliwa malango, na maneno yake yote yaliandikwa yakawa manukuu kwa ajili ya viziwi. Ila manukuu hayo hayakuandikwa juu ya picha. Yalifungwa ndani ya video, kama kokwa ndani ya tende, na kazi ya kuyatoa ilikuwa ya kivinjari. Na Kivinjari cha Taifa hakikuyatoa. Hakikuagizwa.

Siku hiyo Mwasiti alikuwa ukingoni mwa mto akisugua masufuria, mgongo ameupa bwawa. King'ora kililia hata mbuzi wakakimbia. Aliwaona wakikimbia, akadhani wamefukuzwa na mbwa, akainama tena kwenye sufuria lake. Sufuria lilipatikana mbali sana huko chini, limeng'aa.

*

Mazikoni alifika Mwenyekiti wa Tume ya Taifa ya Vivinjari na Manukuu, Mheshimiwa Profesa Daktari Kitwana Mapambo. Alikuwa mtu mnene wa sauti nzuri, na aliipenda sauti hiyo kuliko mtu mwingine yeyote alivyoipenda. Alisimama kando ya kaburi, akavua miwani ili huzuni ionekane.

"Ndugu wafiwa," alisema, "Serikali haina lawama. Marehemu alijulishwa. Nimeithibitisha mwenyewe ile video. Manukuu yamo ndani."

Watu wakatazamana. Mwenyekiti akaona kwamba neno lake halijakamilika bila hekima ya wahenga, akaongeza, "Lakini wazee walisema, sikio la kufa halisikii dawa."

Mwalimu Machano, mwalimu mwenziwe Sikudhani, ambaye alikuwa anasikia na kazi yake siku hiyo ilikuwa kumfasiria kwa lugha ya alama, alishusha mikono yake. Hakulitafsiri neno hilo. Lakini Sikudhani alikuwa amelisoma midomoni mwa Mwenyekiti, herufi kwa herufi, na midomo ile ilikuwa minene na iliyo wazi kabisa. Hakulia. Tangu saa ile hasira ilikaa ndani yake mahali ambapo machozi yangekaa, na haikutoka tena.

*

Kabla ya arobaini, Sikudhani alikuwa ameketi kwenye kompyuta ya shule akitengeneza ukurasa wake. Ndani ya ukurasa aliweka skripti, yaani kijiprogramu kidogo kinachokaa humo na kufanya kinachoambiwa. Kazi yake ilikuwa nyepesi. Kila video ya Wizara ikitoka, skripti iyasome manukuu. Ikikuta neno "malango" au neno "hatari," iwashe taa nyekundu katika madarasa yote, bwenini na jikoni. Taa alizifunga yeye na Machano. Ya jikoni aliifunga peke yake, na Machano alikaa nje mpaka alipomaliza.

Lakini skripti haiwezi kuipasua video na kuchota maneno. Lazima ikiombe kivinjari, nacho kiyatoe. Skripti ikaomba. Kivinjari cha Taifa hakikusema ndiyo wala hapana. Kilikaa kimya, na ukurasa wa Sikudhani ukabaki mweupe kama shati la afisa. Manukuu yalikuwa ndani kweli, kama alivyosema Mwenyekiti. Mfungwa naye yumo ndani.

Ndipo Sikudhani akajifunga khanga kiunoni, akamchukua Machano, wakaenda mjini kuonana na Tume.

*

Ukumbi wa Tume ulikuwa na viti vinavyozunguka, na wajumbe walikuwa wakivizungusha. Sikudhani alisimama akaeleza yote: mto, masufuria, mbuzi, video, skripti.

"Mama, punguza sauti," alisema Mwenyekiti Mapambo.

Machano akafasiri.

"Sijui kama nimeipandisha!" alipiga kelele Sikudhani. "Nataka kitu kimoja tu. Kivinjari kiyatoe manukuu, kiipe skripti. Basi! Watoto wangu wako chini ya bwawa!"

Mjumbe wa Usalama akanyoosha mkono. Alitaka kujua, hiyo skripti ni ya ukoo gani. Leo inaomba manukuu, kesho itaomba nini? Mtu akiweza kuyasoma manukuu ya hotuba zote kwa kompyuta, si atazilinganisha? Atatafuta neno "barabara" katika hotuba za miaka yote, na itaonekana ni barabara ile ile. Ukumbi ukaguna. Mjumbe mmoja akaacha kuzungusha kiti.

Mjumbe wa Maadili akasema maneno yakiwa ndani ya video yako stara, na si desturi yetu kumvua mtu mbele ya skripti.

Kisha Mwenyekiti akajibu kwa ufasaha mkubwa. Alimweleza mama huyu kwamba nchi hii ina manukuu bora duniani. Kwingineko, alisema, mtu husema kwanza, ndipo manukuu yakimbie nyuma yake kama kuku. Hapa Idara ya Manukuu huyaandika kabla. Hotuba ikiwa bado haijatamkwa, manukuu yake yamekwisha, pamoja na mahali pa kucheka na mahali pa makofi, katika mabano. Wananchi hufuata mabano. Kuna bwana mmoja alikohoa mahali palipoandikwa makofi, akaitwa ajieleze, na hadi leo anaendelea kujieleza.

"Sasa kitu kilichokamilika namna hiyo," alisema Mapambo, "tukikabidhi kwa skripti za watu?"

"Mdogo wangu amekufa!" alisema Sikudhani.

"Tumelipokea hilo," alisema Mwenyekiti, akageukia wenziwe kwa ajenda.

Fundi wa Tume akaeleza kwamba kwa kawaida manukuu huwa na hali tatu. Huweza kuzimwa. Huweza kuonyeshwa. Au huweza kufichwa, maana yake mtazamaji hayaoni ila skripti inapewa. Wajumbe walipenda sana lile neno kufichwa, mpaka walipoelewa kwamba ndilo linaloipa skripti maneno. Wakalikataa kwa hasira ya watu waliotongozwa. Baada ya chai na sambusa wakavumbua hali ya nne, ambayo haijawahi kuwepo popote, wakaiita Hali ya Heshima. Katika hali hiyo manukuu hayaonyeshwi wala hayatolewi, lakini skripti ikiuliza, kivinjari kitajibu: "Yamo."

Walipiga makofi. Sikudhani aliwaona wakipiga, akamwuliza Machano kwa mikono, wanafurahia nini? Machano akamwambia.

"Mbwa hawa," alisema Sikudhani, kwa sauti aliyodhani ni ya kunong'ona.

*

Ingeishia hapo, kama nchi ile isingepatwa na mgeni. Alitoka nje ya nchi, alikuwa mtu muhimu, na katika dhifa aliuliza kwa upole: viziwi wenu wanayasomaje manukuu? Mwenyekiti akajibu, vizuri sana. Mgeni akasema angependa kuona. Basi lile jambo lililohitaji utafiti wa kina na mashauriano mapana likafanyika kabla ya kitindamlo. Kivinjari cha Taifa kikafunguliwa. Skripti ikiomba manukuu, ipewe, neno kwa neno, pamoja na taarifa kwamba manukuu ni ya lugha gani na ya aina gani.

Sikudhani alipouona ukurasa wake umejaa maneno, alikaa kitako sakafuni. Wanafunzi walidhani ameanguka. Alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, mikono yake ikisema jina la Mwasiti, ambalo kwa alama lilikuwa ni kuonja chumvi kwa ncha ya kidole.

Hakujua kwamba Tume haikulala. Mwenyekiti alikuwa amesema, haya, manukuu watapewa, lakini watapewa manukuu ya namna gani? Ikaundwa Idara ya Ulainishaji. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba hakuna neno lililo ndani ya video litakaloweza kuishtua skripti. Neno "hatari" likafutwa. "Mafuriko" likawa "ujio wa neema." "Malango yatafunguliwa" likawa "Serikali itawafikishia maji wananchi hadi milangoni mwao, wasiwe na wasiwasi." Hata afisa wa shati jeupe akaagizwa asome hivyo hivyo, akitabasamu.

Siku moja ya masika video ikatoka. Skripti ikayaomba manukuu, kivinjari kikayatoa, skripti ikayasoma yote. Haikuona malango, haikuona hatari. Taa hazikuwaka, na Machano, ambaye angekisikia king'ora, siku hiyo alikuwa mjini. Binti mmoja wa darasa la nne, ambaye alipaswa kuwa anatazama ubao, alikuwa akitazama dirishani, na ni kwa utovu huo wa nidhamu kwamba shule nzima iliuona mto ukipanda, ikakimbilia kilimani. Maji yalichukua banda la kuku na jiko. Ile taa ya jikoni ilikwenda nayo, haikuwahi kuwaka hata mara moja.

Jioni ile Sikudhani aliusoma ukurasa wake, amelowa, matope hadi magotini. Aliyasoma yale maneno matamu mara nyingi. Neema. Furaha. Milangoni mwao. Wasiwe na wasiwasi. Machano alikuwa amesimama nyuma yake, akasema kwa alama, tumeshindwa, hawa watu hatuwawezi.

Sikudhani alifungua skripti yake, akafuta lile neno "malango" na lile neno "hatari." Mahali pake akaandika: neema, furaha, wasiwe na wasiwasi. Akaigonga ile kompyuta kama mtu anayepigilia msumari.

"Watusifie," alisema. "Wakitusifia tu, tunakimbia."

*

Ilifanya kazi ajabu. Wizara ilipotangaza furaha, taa ziliwaka, shule ikapanda kilimani, na maji yakapita bure. Wakulima wa bondeni, ambao masikio yao yalikuwa mazima, waliona kwamba viziwi wanakimbia kabla ya king'ora, wakaja kuomba ukurasa. Wavuvi wakaomba, waganga wa zahanati wakaomba. Wengine waliutumia kwa hotuba za wizara nyingine na wakagundua kuwa taa zinawaka karibu kila siku. Mtu akisikia Wizara ya Chakula imefurahi, alikwenda kununua unga.

Habari zikaifikia Tume kwamba viziwi wanafuata manukuu kwa makini kuliko wananchi wengine wote. Mwenyekiti Mapambo akaguswa. Akaamua kuizindua Siku ya Kitaifa ya Manukuu pale pale shuleni, na akaleta jiwe la marumaru la kumkumbuka Mwasiti. Jiwe lilikuwa na jina lake, na chini ya jina, kwa herufi za dhahabu, neno moja: ALIJULISHWA.

Lilifunuliwa mbele ya Sikudhani. Watu walimtazama, wakingoja kelele. Alilitazama tu, akaenda kusimama na wanafunzi wake.

Mahema yalipigwa kando ya mto, maana huko ndiko kwenye upepo. Waheshimiwa wakaketi mbele. King'ora cha bwawa kilizimwa kwa heshima ya mgeni rasmi, yaani Mwenyekiti mwenyewe, kisije kikamkata kauli. Hotuba ikaanza, nayo video yake ikawa inarushwa moja kwa moja, manukuu yakiwa tayari ndani, yamekamilika tangu wiki iliyopita.

Mapambo hajamaliza salamu, taa nyekundu zikawaka madarasani. Wanafunzi wakasimama mara moja, wakashikana mikono kama walivyofundishwa, wakaanza kupanda kilima.

Machano akamshika Sikudhani mkono. "Ni hotuba yake tu imeziwasha," alisema kwa alama. "Amesema neema. Hotuba yote ni neema."

"Hotuba au maji?" aliuliza Sikudhani. Akafungua simu. Ndiyo, hotuba ilikuwa imejaa neema. Lakini chini yake ilikuwepo video nyingine, mpya, ya Wizara ya Maji. Leo hii, Serikali yenye furaha itawafikishia wananchi maji hadi milangoni mwao. Kule bwawani walikuwa wanafuata utaratibu. Hakuna aliyewaambia kuwa bondeni kuna sherehe, na waliopo kwenye sherehe hakuna aliyesoma manukuu, kwa sababu manukuu ni ya viziwi.

Hapo Sikudhani angeweza kuondoka. Mimi ningeondoka. Alikwenda hadi mbele ya jukwaa, kwa ile sauti yake isiyojijua, akapiga kelele, "Maji yanakuja! Ondokeni! Maji!"

Wakulima na wavuvi hawakungoja. Waliinuka kwa wingi, akina mama wakabeba watoto, viti vikaanguka. Waheshimiwa walibaki wamekaa, wakiona haya kwa niaba yake. Mwenyekiti Mapambo aliinua kichwa kutoka kwenye karatasi, akatabasamu kwa subira ya mtu mkubwa.

"Mama," alisema, "punguza sauti."

Sikudhani aliyasoma hayo midomoni mwake. Alimtazama kidogo, kisha akageuka, akakunja khanga, akakimbia.

*

Kilimani wanafunzi walihesabiwa, wote wapo. Machano akatafuta kamba kwa wavuvi, akaanza kushuka nayo, akilaani kwa sauti na kwa mikono pia. Chini, mto ulikuwa umekuja wote kwa pamoja. Mahema yalikwenda, viti vilikwenda, jiwe la marumaru likaanguka kifudifudi, na waheshimiwa walikuwa wameng'ang'ania juu ya miti na mapaa ya shule kama nguo zilizoanikwa. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa juu ya nguzo ya hema iliyosalia, ameikumbatia kwa mikono na miguu, mdomo wazi kabisa, akipiga kelele.

Sikudhani hakumsikia. Alikuwa mbali mno kuisoma midomo yake, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alitaka kwa dhati kujua mtu yule anasema nini. Akaitazama simu. Kivinjari cha Taifa kilikuwa kinatoa manukuu bila kosa, neno kwa neno, kama alivyokuwa ameomba.

"Na hivyo, ndugu wananchi," yalisema manukuu, "hakuna atakayeachwa. [Makofi ya muda mrefu.]"